Kadi ya Tano

Watu wengine Mungu aliwaita kwa sauti, wengine kwa ndoto. Mimi aliniita kwa harufu, na mpaka leo sina hakika kama alikuwa yeye. Nina miaka ishirini na sita katika nyumba hii ya wazee wasio na wa kuwatunza, na kazi yangu ni vidonda. Naviosha, navifunga, na wenye navyo nawageuza kila baada ya saa mbili visije vikachimbika zaidi. Usaha nimeuzoea. Kitu nisichokizoea, na ambacho kila mwaka hunipandisha nyongo hadi kooni, ni basi la vijana wa utume.

Huja likizo ndefu ya shule, vijana thelathini wenye fulana za rangi moja, mgongoni zimeandikwa NIMETUMWA. Kabla ya kuingia wodini hujipaka dawa ya mikono, wakitoka hujipaka tena, na katikati hapo huwaambia wazee wetu kwamba wanawapenda mno. Hupaka rangi ukuta uleule walioupaka wenzao mwaka uliopita. Huimba alfajiri watu wakitaka usingizi, na huimba mchana watu wakitaka kula. Halafu picha. Kijana anabandika shavu lake kwenye shavu la bibi, meno yote nje, na mimi niliyesimama pembeni na beseni namwona shingo ilivyomkakamaa kwa kuziba pumzi.

Hayo yote ningeyameza. Kinachonitia kinyaa hasa ni kadi.

Kila kijana hupewa kadi tano za uamuzi. Juu kuna mstari wa jina, chini kuna mstari wa umri, na pembeni kuna kiboksi cha kuweka tiki kwamba mtu huyu amempokea Bwana. Siku ya mwisho kadi hukusanywa, idadi ikasomwe kanisani watu wapige vigelegele. Asiyefikisha tano hafukuzwi, hapana, ila hutazamwa kwa ile huruma ya watu waliookoka, ambayo afadhali ya kofi. Sasa piga hesabu. Vijana thelathini ni kadi mia na hamsini, na sisi tuna wazee hamsini na wanne, saba kati yao hawasemi. Maana yake kila mwenye ulimi sharti aokoke mara tatu kwa wiki, na mwaka ujao aanze upya.

Wazee wenyewe walishapata ufumbuzi. Tunaye mama mmoja mstaafu wa shule ya msingi, magoti yamekwisha lakini kichwa kizima, tunamwita Mwalimu. Kila basi likikaribia, Mwalimu hupanga zamu za kuokoka. Jumatatu ni upande wa madirisha, Jumanne ni upande wa ukuta, na wenye homa wanapumzishwa. Ilianza kwa huruma tu. Mwaka fulani binti mmoja alikaa kwenye ngazi akalia kwa kwikwi kwa sababu amebaki na kadi tupu, na wazee wakaona mtoto wa watu asirudi nyumbani mnyonge. Tangu hapo imekuwa desturi ya nyumba. Wengine hata hujifanyia utani humo humo. Fundi, mzee wa chumba cha mwisho aliyeshona suti maisha yake yote, kila mwaka huokoka kwa majina ya wateja waliomuudhi. Yule aliyesema koti linabana ameokoka mara nne.

Nilikuwa nacheka na mimi. Lakini ukicheka sana kitu ambacho kinakutia kichefuchefu, mwisho hujui tena kipi ni kipi.

Msimamizi wa hayo yote ni Mchungaji wa vijana. Nilipokuwa na miaka kumi na saba tulimwita Kaka Kiongozi, kijana mwembamba mwenye filimbi shingoni. Leo tumbo limemtangulia na filimbi imekuwa kipaza sauti, lakini maneno ni yale yale. Hadithi yake kubwa, anayoisimulia kila mwaka kabla basi halijaondoka kanisani, ni mimi. Anasema palikuwa na binti aliyekuwa anatafuta kadi ya tano, akaingia chumba ambacho wenzake walikikimbia kwa harufu, akamkuta bibi amelala kwenye vidonda, akamwosha kwa mikono yake, na hapo hapo akasikia sauti ikimwambia: baki. Na alibaki, anamalizia Mchungaji, yuko huko mpaka leo, mtakwenda kumwona.

Nami kila mwaka nilisimama mlangoni nikaonwa. Sikuwahi kumsahihisha. Hadithi ile ilinipa heshima ambayo mshahara wangu haukunipa, na dada yangu alitembea kanisani kifua mbele kwa ajili yake.

Mwaka huu basi lilikuja na binti wa dada yangu.

Nyumbani tunamwita Kimya. Alikuwa mtoto msemaji, domo halifungi, mpaka baba yake alipofariki, yeye akiwa na miaka kumi na tano. Baada ya mazishi aliacha kuongea. Si kwamba aliugua, alijibu akiulizwa, ndiyo, hapana, nimeshiba. Miaka miwili hivyo. Dada yangu alimpeleka kwa madaktari na kwa waombaji, akarudi na ndiyo na hapana zake. Halafu jioni moja ya maandalizi ya safari, Mchungaji akasimulia hadithi ya binti wa kadi ya tano, na Kimya akarudi nyumbani akamwambia mama yake sentensi nzima. Alisema anataka kuwa kama mama mdogo. Anafikiri na yeye ameitwa.

Dada alinipigia simu huku analia. Aliniomba kitu kimoja tu. Alijua kwamba mimi nina ulimi mchungu na kwamba mambo ya basi siyapendi. Akasema nijizuie wiki moja. Mtoto ameamka, alisema, tafadhali usimlaze tena.

Nikaahidi. Na kwa siku nne nilishika ahadi yangu kwa meno. Nilimwona Kimya akizunguka wodi na fulana yake, kadi zake mkononi, hana picha hata moja. Alikaa na kila mzee muda mrefu kuliko wenzake. Mwalimu, kwa kunipenda, akampangia zamu za wazee wenye maneno matamu. Siku ya tatu alikuwa na kadi nne na uso wake una mwanga ambao sikuuona tangu msiba. Aliponiona koridoni alinishika mkono, ule wenye glovu chafu, akaniuliza sauti ilikuwaje. Nilimwambia nina kidonda kinanisubiri. Nikaingia stoo ya mashuka nikakaa juu ya furushi, najichukia mpaka mate yakawa machungu.

Siku ya tano, ya mwisho, Mchungaji alikusanya watu wote uani. Viti vya magurudumu mbele, vijana nyuma yao, na Fundi tukamtoa na kitanda chake kwa sababu hawezi kukaa. Kisha, bila kunitaarifu, akatangaza kwamba leo binti wa kadi ya tano atashuhudia kwa kinywa chake. Akaniwekea kipaza sauti mkononi. Kilikuwa na joto na unyevu wa kiganja chake.

Nilimtazama Kimya. Alikuwa amekaa chini mstari wa kwanza, mikono imekumbatia magoti, ananisubiri. Ningeweza kusema maneno mawili matatu, nikamshukuru Mungu, nikarudi kwenye vidonda vyangu. Mtoto angebaki ameamka. Lakini angeamkia uongo, na siku moja angeingia chumba kama kile akitegemea sauti, asiikute, na hapo angelala moja kwa moja. Hayo ndiyo niliyojiambia. Huenda nilichoka tu kubeba.

Nikawaambia kwamba ni kweli nilikuwa na kadi nne. Ni kweli wote walikikimbia chumba cha mwisho kwa harufu. Nami niliingia kwa sababu ya kadi, si kwa sababu nyingine yoyote duniani. Bibi alikuwa amelalia ubavu, kichwa kimeelekea mlangoni, na nilipomweleza habari za wokovu aliniambia niandike ninachotaka, ila kwanza nimgeuze, upande ule ulikuwa unamuunguza. Nje basi lilikuwa linapiga honi. Basi nikaandika kwanza. Nikamuuliza jina, nikaandika, nikaweka tiki. Ndipo nikamgeuza. Shuka lilikuwa limegandana na mwili, likatoka na nyama, na ndani ya kidonda palikuwa na funza.

"Nilitapika," nikasema. "Si kwenye ndoo. Nilimtapikia yeye, miguuni. Halafu Kaka Kiongozi akachungulia mlangoni akaniuliza, umepata? Nikamwonyesha kadi. Nikakimbilia basi. Bibi nilimwacha ameelekea ukutani, wazi, matapishi yangu miguuni pake, na sikumfunika."

Nikaendelea, maana jambo kama hili ukilianza huwezi kuliacha nusu. Jioni ile kanisani nilipewa zawadi ya kufikisha kadi tano, Biblia yenye zipu. Jumatatu nilitoroka nyumbani nikaja hapa. Kitanda kilikuwa kitupu, godoro limeanikwa juani. Sikuuliza alikufa saa ngapi wala nani alimfunika. Nilichukua tambara nikaanza kudeki, na msimamizi wa nyumba wakati ule akaniacha nideki. Sauti sikuisikia siku ile, na sijaisikia mpaka leo.

Mchungaji akanisogelea, macho yake yana machozi, na nadhani yalikuwa machozi ya kweli. Akachukua kipaza sauti. Akawauliza vijana kama wameona, kama wameona jinsi Bwana anavyoweza kutumia hata matapishi. Wakaitikia amina. Wakapiga makofi. Wengine walilia, na msichana mmoja alinyanyua simu akanirekodi. Nimesafisha kila kitu kinachoweza kutoka kwenye mwili wa binadamu, lakini sijawahi kushikwa na kinyaa kama kile, kusikia dhambi yangu inapigiwa makofi.

Kimya peke yake hakupiga.

Alinifuata chumba cha dawa. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Alikuwa anaitwa nani?" akaniuliza.

Nilikuwa nakata bandeji. Nikaendelea kukata.

"Mama mdogo, si uliliandika kwenye kadi?"

"Niliandika."

"Sasa?"

"Silikumbuki, mwanangu."

Akasema si kuna daftari la wazee. Nikamwambia ukweli, kwa kuwa ndiyo ilikuwa siku yake. Daftari la mwaka ule lilikuwa kwenye kabati, hatua mbili kutoka meza yangu, kwa miaka tisa. Sikulifungua. Mwaka wa kumi lilipatikana limeliwa na mchwa, na nilipoambiwa nilishusha pumzi.

Kimya alinitazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo liliniumiza zaidi.

"Basi wewe hukuitwa," akasema. "Wewe umejificha humu."

Akageuka akaenda. Nilimwona dirishani akimkabili Mchungaji karibu na basi, na kwa kuwa Mchungaji haongei taratibu hata akiwa peke yake, nilisikia majibu yake yote. Kadi za zamani? Aa, zile huchomwa kila mwisho wa mwaka, idadi ikishapelekwa makao makuu. Majina Mungu anayajua, binti yangu, sisi tunatakiwa idadi tu. Kimya akaomba zake nne. Mchungaji akadhani anataka kuzirekebisha, akamchambulia kutoka kwenye bahasha. Kimya akazitia mfukoni, akapanda basi, akakaa upande usioangalia jengo letu.

Kesho yake dada yangu alinipigia. Hakulia safari hii. Aliniambia kwamba mtoto amerudi, amevua fulana ameitumia kupangusia vumbi, kanisani haendi, na maneno yamekauka tena. Ndiyo, hapana, nimeshiba. Akasema aliniomba kitu kimoja. Kisha akakata simu, na hakupokea zangu.

Wiki tatu zilipita. Kila nilipoosha kidonda nilisikia maneno ya Kimya, na kila nilipojaribu kuyapinga sikupata pa kuyashikia. Ni kweli nilijificha. Ukiwa na mikono kwenye usaha wa mwenzako, nani atakuuliza ulifanya nini? Na wakati huo huo nilikuwa nimemvunja mtoto wa marehemu shemeji yangu kwa sababu nilitaka nitue mzigo mbele za watu. Nilimwambia Mungu kwamba kama hii ndiyo njia yake ya kuita watu, basi inanuka.

Jumatano moja, saa za kufunga vidonda, nilikuwa chumba cha mwisho na Fundi. Nimemlaza ubavu, mgongo wazi, beseni la maji ya chumvi mikononi. Kidonda chake kiko juu ya mfupa wa kiuno na kina tabia mbaya, kikipona juu kinaoza chini. Nikasikia hatua koridoni, zinasimama kila kitanda. Zikasimama kwa Mwalimu muda mrefu, na Mwalimu akacheka, halafu akasema kitu kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kumsikia nayo.

Kimya akatokea mlangoni. Amevaa sketi ya kawaida na blauzi, hana fulana, hana kitu mkononi zaidi ya zile kadi nne, majina yote juu yamekatwa kwa wino na mengine yameandikwa chini yake. Harufu ilimpiga, nilimwona. Macho yakamtoka machozi, akameza mate, akaingia. Akazunguka kitanda akachuchumaa upande wa uso wa mzee.

Fundi akafumbua jicho moja.

"Mjukuu wangu, mimi zamu yangu mwaka huu nimeshamaliza," akasema. "Nenda kwa Mwalimu akupangie mwingine."

"Sikuja kukuokoa, babu. Nimekuja kukuuliza jina lako."

Fundi akataja jina, upesi, kama kawaida yake.

"Hilo ni la yule wa koti linalobana," Kimya akasema. "Mwalimu kaniambia. Nataka la kwako."

Mzee akafumba jicho, nikadhani amesinzia, na nikarudi kwenye kidonda. Katika daftari letu jipya, mbele ya namba ya kitanda chake, imeandikwa Fundi cherehani, mwanaume, umri haujulikani, kwa sababu hivyo ndivyo walivyosema askari waliomleta, na hakuna aliyemuuliza tena. Mimi mwenyewe ndiye niliyeandika. Kisha mgongo wake ukatikisika chini ya mkono wangu, nikajua analia. Akalitaja. Majina matatu, lake, la baba yake, la babu yake, polepole, akipumzika kati ya moja na jingine.

Miaka sita nimemgeuza mtu huyu usiku na mchana. Namjua kila mfupa. Jina lake nilikuwa nalisikia kwa mara ya kwanza.

Kimya hakuandika popote. Alilirudia mara mbili ili ahakikishe, na Fundi akamsahihisha mahali. Sikuinua kichwa. Nilitamani kidonda kile kiwe kirefu zaidi, nizame humo na aibu yangu.

"Umelisikia, mama mdogo?" Kimya akaniuliza kutoka upande wa pili.

"Nimelisikia."

"Litaje."

Nikajaribu. Nikakwama kwenye la tatu. Hawakuniambia basi inatosha, wala mzee wala mtoto. Walinianzishia tena kutoka mwanzo, na maji yakapoa mikononi mwangu, mpaka nikalishika lote.